Siku Sinema Ilipogeuka Semina

Kama umewahi kusubiri basi pale Kingstanding, Birmingham, ukiwa na mzee Mkongo aliyevaa koti refu la kahawia, basi huyo ni Magloire, na habari hii ameshakusimulia, tena kwa kuongeza chumvi. Mimi nitaisimulia bila chumvi, au kwa chumvi kidogo tu.

Enzi za ujana wake kule Uvira, Padre wa parokia alikuwa na mashine ya kuonyesha picha. Sehemu ya sauti ilikuwa imekufa zamani na hakuna fundi aliyejua kuifufua. Padre akaona isiwe taabu, akaagiza picha za kale, zile za makauboi zilizopigwa kabla watu wa sinema hawajajua kuongea. Lakini watu wa Uvira si wa kukaa gizani wakitazama midomo inacheza bure. Ikabidi atafutwe kijana mwenye domo. Magloire akasimamishwa kando ya shuka jeupe, akapewa kipaza sauti cha bati, akawa anawasemea wote: kauboi, majambazi, farasi, hata garimoshi. Watu wakambatiza jina, wakamwita Redio ya Padre. Léocadie, binti aliyeuza ndagala, dagaa wa kwao, nje ya mlango wa ukumbi, hakuwahi kuingia kutazama kwa sababu saa za sinema ndizo zilikuwa saa za wateja. Alimsikia kijana huyo ukutani tu. Siku alipomwona uso, alimwambia kwamba sauti ilikuwa imemdanganya. Wakaoana hivyohivyo.

Walifika Birmingham mwaka 2004, baada ya vita, kambi, na miaka ya kusubiri ambayo haina kichekesho chochote ndani yake, kwa hiyo tuiache ilipo. Walipewa nyumba ya halmashauri Kingstanding, yenye bustani ndogo na uzio. Magloire akapata kibarua cha kufagia na kufunga maboksi katika kiwanda kidogo Aston. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokotaokota, lakini mtu mwenye domo hakosi wa kuongea naye, na yeye aliongea na kila mtu, waliomwelewa na wasiomwelewa.

Léocadie ndiye aliyezimika. Mwanamke yule alikuwa mfanyabiashara tangu utotoni, na kwake bei ilikuwa mlango wa mazungumzo. Unauliza bei, unashtuka, unaulizwa hali ya watoto, unajifanya unaondoka, unaitwa urudi. Hapa Uingereza bei imebandikwa kwenye kitu chenyewe, imeshamaliza kuongea kabla hujafungua mdomo. Siku moja, katika duka moja pale barabara kuu ya Erdington, alimpelekea msichana wa kaunta samaki, akataja bei yake, akatabasamu akingoja jibu. Msichana akadhani mama huyu hana pesa za kutosha. Mzee wa Kizungu aliyekuwa nyuma kwenye foleni akaingiza mkono mfukoni, kwa upole wote wa moyo wake, akataka kumlipia. Léocadie alimwacha samaki pale kaunta akatoka. Katika maisha yake alikuwa ametukanwa na wachuuzi, na askari, na wakwe, na wote aliwajibu. Wema ule hakuwa na jibu lake.

Kuanzia hapo akapunguza maneno. Kwanza aliacha kuongea dukani, kisha akaacha kwenye basi, kisha akaacha kanisani, na mwisho ndani ya nyumba yake mwenyewe zikabaki "ndiyo" na "apana", na nyingi ya hizo ziligeuka kutikisa kichwa. Daktari alimpa vidonge. Magloire naye akampa upole. Akisema chai ni baridi, Magloire anasema, "Ndiyo, mama, pole." Akisema si baridi, "Ndiyo, mama, si baridi." Alimzunguka mkewe kwa unyenyekevu kama mtu abebaye trei ya mayai. Na jioni, akimtazama ameketi dirishani, hofu ilimshika. Aliogopa kwamba anampoteza mtu ambaye bado anakula naye meza moja. Hakumwambia mtu hofu hiyo, yeye aliyemwambia kila mtu kila kitu.

Sasa aingie Jayantilal. Huyu alikuwa Mhindi wa Kisumu, mstaafu wa Erdington, ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya sinema kule Kenya. Walikutana kituoni siku Magloire alipokuwa analitukana basi kwa Kiswahili, na sauti nyuma yake ikasema, "Hapana tukana hiyo, mzee. Hiyo ya jana ndiyo ilikuwa mbaya." Urafiki ukaanzia hapo. Jayantilal alikuwa ameleta Uingereza projekta ya zamani na mikanda kadhaa, na vitu hivyo vilikaa garaji kwa miaka mingi, mpaka mkewe Champa akatoa amri vionyeshwe au vitupwe.

"Nitaonyesha picha moja, halafu Champa atanyamaza," Jayantilal alisema. "Iko ya kauboi. Hakuna sauti, lakini kuchekesha iko mingi, na kupigana iko mingi. Maandishi ile ya katikati baba alikata yote. Alisema inachelewesha farasi."

"Sasa batu bataelewa namna gani?"

"Ndiyo nauliza wewe. Ulisema ulikuwa redio."

Magloire alisikia damu inatembea mpaka vidoleni. Wakapanga Jumamosi moja ya mwezi wa tatu mwaka 2007, saa nane mchana, katika ukumbi wa jumuiya nyuma ya barabara kuu ya Erdington. Wangealikwa wazee wa Kihindi na Kisikh waliotoka Kenya na Uganda, pamoja na Wakongo wa kanisa la Magloire kule Aston. Waligombana kidogo tu. Jayantilal alimwita shujaa wa picha stelingi, Magloire akamwita akteri, na kila mmoja akamhurumia mwenzake kwa kutokujua Kiswahili. Katika jambo moja walipatana mara moja, kwamba mtu huyo, kwa jina lolote, hafi.

Jioni ile Magloire alimweleza mkewe. Alimweleza kwa mikono na kwa macho, akawa farasi, akawa jambazi, pale pale kwenye zulia. "Utakuja, mama? Kidogo tu. Kama unachoka tunarudia nyumbani." Léocadie alimtazama kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Ndiyo, mama," Magloire akasema. "Vile unapenda."

Akaenda jikoni akafungua bomba la maji asisikike, akalia.

Kuwaalika Wakongo ilikuwa kazi ya Jayantilal, maana yeye ndiye aliyekuwa na simu yenye salio. Akampigia Mama Orpha, kiongozi wa wamama wa maombi. Hapa ndipo mambo yalipopinda, kwa hiyo sikiliza vizuri. Orpha alikuwa amekaa kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuja Uingereza, na kambini kila juma kuna semina: semina ya ndoa, semina ya usafi, semina ya kufungua vifungo. Neno hilo lilikuwa limemkaa sikioni. Lakini picha zinazotembea, yeye na Wakongo wenzake huziita filme, basi. Neno sinema halikuwamo katika mifuko yake. Jayantilal akasema kwa lafudhi yake ya Kisumu, huku lori linapita nje ya dirisha la Orpha, "Mama, Jumamosi saa nane, Erdington, kuna sinema bubu. Leta kila mtu."

Orpha alisikia semina. Semina ya bubu! Alikata simu akapiga magoti papo hapo, machozi yakamtoka. Alikuwa amemwombea Mama Léocadie tangu ulimi wake ulipofungwa, na sasa Mungu alikuwa ameinua watumishi hata miongoni mwa Wahindi.

Jumamosi ilifika. Ukumbi ukanuka chai ya maziwa na viazi vya kukaanga vya Champa. Wazee wa kilemba na wasio na kilemba walikaa mbele, wakisalimiana kwa Kipunjabi, Kigujarati na Kiswahili cha Nairobi katika sentensi moja. Vijana wachache wa Kikongo walisimama ukutani wakichezea simu. Magloire alikuwa amevaa tai. Mapazia yakafungwa, projekta ikaanza kunguruma, na kwenye shuka akatokea kauboi mrefu, mwembamba, akipanda farasi kwa upande usio wenyewe na kuangukia ndani ya hori la maji.

"Huyu ni Bwana Taratibu," Magloire akatangaza, "na farasi yake anaitwa Directeur, mukubwa wa ofisi, sababu hafanye kazi yoyote lakini anaamua yote."

Wazee wakacheka. Koo la Magloire likalainika, miaka ikamdondoka mabegani. Akamleta jambazi mwenye masharubu makubwa, akambatiza Sharubu. Akaunguruma kama garimoshi. Bwana Taratibu alimfukuza Sharubu juu ya mabehewa, suruali ikanasa kwenye bomba la moshi, akaendelea kufukuza bila suruali. "Stelingi hafi!" alipiga kelele mzee mmoja. "Na baridi je?" Magloire akajibu, na ukumbi ukavunjika mbavu.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, mwanga ukaingia, na wimbo wa kuabudu ukaingia pamoja nao. Alikuwa Mama Orpha, na wamama watatu wa maombi ndani ya vitenge vya sare, wakipiga makofi taratibu, chupa ya mafuta ya upako mkononi. Katikati yao, ameshikwa viwiko kama mgonjwa, alikuwa Léocadie.

Magloire alimwona, na maneno yakamkauka. Hakujua mkewe amefikaje. Hakujua kwa nini anashikwa. Projekta iliendelea kuzunguka, Bwana Taratibu akapigwa ngumi tatu kimya kimya, na wazee wakaanza kugeuka. "Redio imekatika!" mmoja akalalamika. Orpha naye, akidhani giza lile ndilo utaratibu wa semina ya Wahindi, akawaketisha watu wake viti vya nyuma na kufumba macho.

Kwenye shuka sasa ilikuwa jikoni ya nyumba ya chakula. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye mikono ya kupondea mihogo, alikuwa anakaanga nyama. Sharubu akaingia na bunduki. Mama yule akageuka, kikaango mkononi, akaanza kuongea. Akaongea sana, midomo ikienda mbio. Magloire alijua lazima aseme kitu, akaokota sauti yake ya zamani ya wanawake wote, nyembamba, yenye kutetemeka:

"Ee bwana, tafazali, usiniuwe. Miye ni mujane tu. Twaa yote..."

"Uongo."

Neno lilitoka nyuma. Halikuwa kubwa, lakini lilikuwa limekaa ndani muda mrefu, likatoka na uzito wake. Orpha alifumbua macho.

Léocadie alikuwa amesimama. "Mumuangalie ile mikono," alisema, akinyoosha kidole kwenye shuka. "Mwanamuke ya mikono sawa ile, mu jikoni yake mwenyewe, aseme tafazali? Kwa mwanaume hata viatu hajafuta? Magloire! Kumbe ni wanawake sawa huyu ulikuwa unasemea? Miaka yote ile nilikuwa nasikia ile kasauti mu ukuta, nikawaza ni kabinti kagonjwa!"

Jayantilal, fundi wa kweli, aliuliza jambo moja tu. "Nirudishe nyuma?"

"Rudisha!" ukumbi ukajibu.

Mkanda ukarudi, Sharubu akatembea kinyumenyume kutoka jikoni, nyama ikarukia kwenye kikaango, wazee wakashika matumbo. Kisha jambazi akaingia tena, bunduki mbele. Safari hii mama mnene alikuwa na sauti ya soko la Uvira.

"Weye, kijana! Funga mulango, moshi inatoka. Hiyo ni nini uko nayo? Bunduki? Hii yenye kutu? Nani alikuuzia? Alikuibia! Lete nione."

Na kwenye shuka, kwa kuwa picha ilitengenezwa hivyo, Sharubu aliishusha bunduki yake akaichungulia mtutu. Nimesikia vicheko vingi, lakini kile cha Erdington kilifanya mwangalizi wa ukumbi aje mbio kuona kama dari imeanguka.

Magloire alijisikia kama mtu aliyefunguliwa mlango uliofungwa miaka mingi. Hakupanga kujibu. Kinywa kilijibu chenyewe, kwa sauti nzito ya jambazi: "Mama, hii bunduki ni ya Ulaya! Ni mupya!"

"Ya Ulaya, lakini imekaa mu maji! Unaona ile alama?"

"Hakuna alama!"

"Basi uko kipofu pia. Pole kwa mama yako!"

"Sikuje hapa kusikia mambo ya mama yangu!"

"Ulikuja kula, sawa benzako. Ikala ku kiti. Halafu utaosha sahani."

Kikaango kikatua kichwani mwa Sharubu, naye akaanguka juu ya sahani zote. Champa alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya sari. Bwana Taratibu alifika akiwa amechelewa, bila suruali, akakuta kazi imekwisha, na Léocadie akamsemea naye pia maneno makali ambayo sitayaandika, maana kulikuwa na wamama wa maombi.

Taa zilipowashwa, Orpha aliinua chupa ya mafuta juu. "Bwana asifiwe! Bubu amesema!"

Léocadie akageuka polepole. "Bubu nani?"

"Mama, si ni semina ya bubu... Ule baba alipiga simu..."

"Mimi nilisema sinema!" Jayantilal alilia kutoka nyuma ya mashine yake. "Sinema bubu! Si-ne-ma!"

Ilichukua muda kueleweka, na ilipoeleweka kwa Wakongo ikabidi itafsiriwe kwa Wapunjabi, kisha kicheko kikaanza upya. Orpha peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa ameketi, chupa mapajani, uso umemwiva kwa aibu. Léocadie alimwendea akakaa karibu yake.

"Ulikuja kunitwaa nyumbani kwa nguvu," alisema. "Nilikuambia kwa kichwa apana, ukanivalisha koti. Hakuna mutu alinikatalia kitu tangu nifike hii inchi. Aksanti."

"Lakini mama, weye ulikuwa hauseme."

"Niseme na nani?" Léocadie aliinua macho, akamtazama mumewe aliyekuwa anazungusha waya wa taa bila kujua anauzungusha. "Duka linanihurumia. Munganga wa vidonge ananihurumia. Nafika ku nyumba, nasema chai ni baridi, ananiambia ndiyo mama. Nasema si baridi, ndiyo mama. Mutu ya namna ile utaongea naye nini? Ni sawa kuuza mu soko ambamo kila mutu analipa tu na kwenda."

Magloire aliuacha waya. Alikuwa amemfunga mkewe kwa upole, fundo juu ya fundo, akidhani anamfariji. Iliuma, na hapo hapo ilimfurahisha, kwa sababu kitu unachokifunga mwenyewe, unaweza kukifungua.

Hawakukaa sana. Champa aliwafungia viazi ndani ya karatasi, Jayantilal akamwuliza Léocadie kama atarudi, kwani garaji bado ilikuwa na mikanda, na Léocadie akasema atarudi ikiwa tu mashine itasogezwa, kelele yake inameza maneno. Jayantilal akasema haiwezi kusogezwa. Léocadie akasema itasogezwa. Magloire aliwaacha wakivutana, akaenda kutafuta koti lake.

Kwenye basi walikaa kiti kimoja, ghorofa ya chini. Mvua nyepesi ilikuwa inapiga vioo, na watu walikuwa wanarudi na mifuko ya manunuzi. Léocadie hakunyamaza tangu Erdington. Aliikosoa picha nzima. Kauboi alikuwa mvivu, farasi alikuwa mnene mno, na yule mwanamke angepaswa kumpiga Sharubu mapema, kabla nyama haijaungua.

"Na weye," alimalizia, "ile sauti yako ya wanawake utaiacha kabisa. Ni sauti ya mbuzi."

Magloire alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, tayari, lile la kila siku, laini kama siagi. Akalimeza. Aliogopa kama kijana anayeenda kuomba posa.

"Apana," akasema.

Léocadie alikunja uso. Magloire akadhani ameharibu kila kitu.

"Apana," akarudia, sauti ikapanda kidogo. "Sauti yangu ni muzuri. Uvira yote waliilipia. Weye ndiye umekosa. Mwanamuke akimupiga mapema, filme inaisha, tunarudia nyumbani hata saa tisa haijafika."

Mkewe aligeuka kwenye kiti, mwili mzima, magoti yakamgusa. Macho yalikuwa yamewaka, na Magloire, ambaye hakuwa ameyaona hivyo tangu ng'ambo ya bahari mbili, alitaka kulia tena na akajizuia kwa sababu hakutaka kupoteza zamu yake ya kujibu.

"Walilipia?" Léocadie alisema. "Nani alilipia? Nilikuwa ku mulango, Magloire! Niliona nani aliingia na nani alipita mu dirisha!"

"Bote balilipia!"

"Muongo!"

Mama wa Kizungu kiti cha mbele aligeuka, wasiwasi usoni, akitaka kujua kama kuna tatizo. Hakuna aliyemwona. Kingstanding ilifika, milango ikafunguka, ikafungwa, na basi likaendelea nao.